MREJESHO: herufi ndogo na kitabu cha anwani kwa Thunderbird (programu ya barua pepe), karibu yote imekubali

Bandugu, aksanti sana. Kwa wenye hawakusoma mwanzo: niliuliza juu ya masini ya ofisi yetu hapa Goma, herufi za barua pepe zilikuwa kadogo mpaka mama wa sekretaria anaumia macho, na majina kutoka programu ya zamani yanaingia vibaya, Béatrice anatokea na alama ya kuuliza pahali pa é.

Herufi kwanza. Yaya wa Bukavu mwenye alinijibu alisema kweli kabisa: barua za maandishi matupu zinafuata saizi ya monospace (fonti yenye herufi zote ziko na upana moja), hazifuati saizi ya fonti ya kawaida. Niliingia kwa mipangilio, upande wa fonti, nikapandisha monospace mpaka 16, na mama anasoma bila kuinama, nimefurahi sana kwa ajili yake.

Majina ndio yalisumbua. Nilifuata shauri la kutumia LibreOffice Calc (programu ya majedwali): unafungua faili ya CSV (majina na anwani kwa maandishi matupu, yametengwa na koma), inauliza usimbaji (namna herufi zinaandikwa ndani ya faili), unachagua Windows-1252, ule wa zamani wa Windows, unaangalia kwanza kama é inaonekana sawa, halafu unahifadhi tena CSV kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa. Wakati wa kuingiza kwa Thunderbird linganisha safu moja moja, jina, ukoo, anwani, usiharakishe hapo. Batu wote bameingia na majina yao safi.

Yenye haikukubali ni vikundi. CSV haibebi orodha za kutumia batu wengi barua moja mara moja, tunazijenga upya kwa mukono. Faili za vCard (aina ingine ya faili za anwani) sikujaribu, programu ya zamani haina hiyo.