Tupeane uzoefu: Sheria za mabango ya biashara zikibadilika, unaanzia wapi?

Mpima Mitaa: Wakuu, wanaobandikiwa X ya kubomolewa wengi walipima kutoka ukingo wa lami. Hifadhi (eneo lililotengwa kando) ya barabara kuu na za mkoa inapimwa kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 iliitoa mita 22.5 ikaipeleka 30 kila upande, kwa hiyo nguzo iliyokuwa halali mita 25 sasa iko ndani. X nyekundu, uliifuata barabara. Ya kijani, barabara imekufuata.

Kigogo wa Sinza: Ya kijani ina fidia, tulieni.

Mpima Mitaa: Fidia ya jengo, kaka. Bango lifungwe kwa nati, siyo kuchomelewa, ling'oke zima.

Fundi Flexi: Na ushuru unapigwa kwa futi za mraba. 8 kwa 4 ni futi 32, 6 kwa 3 ni 18 tu. Ila usikate flexi (turubai la plastiki lililochapwa) ukaiacha fremu ya zamani. Mwenye futi kamba anapima fremu.

Dada Vipodozi: Bango la pande mbili je, linahesabiwa moja au mbili?

Fundi Flexi: Moja.

Kigogo wa Sinza: Mbili! Unawapoteza watu.

Mpima Mitaa: Dada, usiwasikilize hao. Peleka mchoro wenye vipimo, afisa aandike idadi ya pande kwenye kibali kabla hujanunua hata bomba moja.

Waya Mwekundu: Mnabishania futi wakati watu wanakimbilia mabango ya taa, na hapo ndipo moto unapoanzia. Moduli (vipande vya taa za LED) 100 za wati 1.5 ni wati 150. Fundi anafunga pawasaplai (kifaa cha kushusha umeme wa taa) ya wati 150, inatosha kwenye karatasi. Ikifungiwa ndani ya boksi la bati linalopigwa jua mchana kutwa, usiku inafanya kazi kwenye kikomo chake. Mvua inaingia juu kwa sababu silikoni iliwekwa chini, kule ambako maji yalitakiwa yatokee. Maungio ya selotepu yanapata unyevu, yanapata kutu, yanachemka. Plastiki ya flexi ikishika, inadondoka matone yanayowaka juu ya mlango, na wateja wako ndani. Weka pawasaplai ya 200, toboa matundu chini, na usifunge moduli zote kwa mnyororo mmoja: peleka waya mpya kila baada ya 20, la sivyo za mwisho zitafifia.

Dada Vipodozi: Mungu wangu.

Kigogo wa Sinza: Rudini kwenye rangi na brashi 😂

Msomi wa Pwani: São Paulo, Brazil, tangu 2007, duka lenye upana wa mbele chini ya mita 10 haliruhusiwi bango la kuzidi mita 1.5 za mraba. Kariakoo nzima ingebaki uchi.

Fundi Flexi: Upepo nao. Kilomita 60 kwa saa unalisukuma bango la 8 kwa 4 kwa karibu kilo 60. Shimo la nguzo futi 3, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto).

Kigogo wa Sinza: Si unatoboa flexi tu upepo upite?

Fundi Flexi: Inachanikia hapo hapo ulipotoboa.

Dada Vipodozi: Waya wa kutoka pawasaplai saizi gani?

Waya Mwekundu: Milimita 2.5 za mraba, na urefu usizidi mita 5.