Naomba ushauri: ufadhili wa masomo ya upili kwa mpwa wangu

Hamjambo ndugu zangu. Mpwa wangu anasoma Gredi ya 9 huko Ganze, kaunti ya Kilifi, na mwaka huu atafanya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari msingi. Mamake ni mjane anayeuza mboga, nami siwezi kumlipia karo ya bweni peke yangu.

Ninaufahamu mpango wa ufadhili wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation, ambao haulipi karo pekee bali pia sare, vitabu, nauli na pesa za matumizi. Hilo ndilo linalonipa matumaini zaidi, kwa kuwa nimeona watoto waliopata basari wakibaki nyumbani kwa kukosa godoro na sanduku.

Kinachonitatiza ni kuthibitisha uhitaji wake: babake alifariki nyumbani, na cheti cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa. Je, barua ya chifu na ya mwalimu mkuu zitatosha, au tuanze kukifuatilia cheti hicho sasa? Na nyinyi mliowahi kumsindikiza mtoto kwenye usaili wa ufadhili huu, mzazi aliulizwa mambo gani? Dada yangu ni mwoga wa kuzungumza mbele ya watu, nami ningependa kumwandaa mapema.