Naomba ushauri: mashine ndogo ya kufulia kwenye chumba na sebule ghorofani, Nyegezi

Zamu ya Usiku:
Habari zenu wakuu. Naishi Nyegezi, Mwanza, ghorofa ya kwanza, ndiyo ya mwisho juu. Chumba, sebule, jiko la kugeukia tu na bafu la ndani. Tupo wawili, mimi na mwanangu wa miaka minne. Mama aliyekuwa akija kunifulia amehamia kwao Sengerema. Najua daraja la Kigongo–Busisi limerahisisha mambo, lakini siwezi kumwambia mtu avuke ziwa kuja kufua mashuka yangu. Kazi yangu ni ya zamu hospitalini, sare nyeupe, na nikirudi asubuhi mgongo hautaki kusikia habari za beseni.

Mjini nimeonyeshwa aina tatu. Kuna ile ya plastiki laini inayokunjwa, kuna ya matanki mawili, moja la kufua na moja la kukamua, halafu kuna otomatiki ya tanki moja inayofanya yote yenyewe. Mfuko wangu ni laki tatu na nusu, nikijikaza nne.

Mazingira: maji ya bomba yanapanda usiku, mchana mara yapo mara hayapo, kwa hiyo nina pipa la lita 200 na ndoo zangu. Simtanki la nyumba nzima liko juu ya paa. Bafu halina soketi, ya karibu iko jikoni, na jiko na bafu vimegawana ukuta mmoja. Mita ya umeme ya LUKU tunachangia wapangaji watatu, na mmoja alivyosikia tu neno mashine ameanza kununa kabla haijaletwa.

Nichukue ipi? Mnaotumia msinifiche kero zake.

Sato Mkavu:
Ziwa lote hilo mbele yako unatafuta mashine? Teremka Luchelele, mawe ya kufulia yamejaa na ya kuanikia yamejaa. Bure kabisa.

Mama Wawili:
Sato, acha utani kwenye jambo la mtu. Kusimama majini pale ufukweni ndiko kichocho kinakoingilia. Konokono wa majini wanatoa vimelea, vinapenya ngozi bila hata kuwashwa ukajua. Tena yeye ana mtoto, unadhani atamwacha juu ya jiwe akae kimya? Na hayo mapovu ya sabuni yanaenda wapi kama si kwenye maji hayohayo tunayokunywa.

Sato Mkavu:
Nimenyoosha mikono mama.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Ile ya kukunjwa niliinunua mtoto wetu alipozaliwa, na kwa nguo za kichanga iliniheshimisha. Soksi, chupi, bibu, vitaulo, inazungusha vizuri na inakaa chini ya meza. Ila shuka moja la futi tano kwa sita likishalowa, inaguna tu mahali pamoja. Jinzi usithubutu. Na kikapu chake cha kukamulia ni cha mapambo, nguo inatoka inadondosha maji. Kwa mtu mwenye sare na mashuka ni hela ya kutupa.

Fundi wa Mkolani:
Dada, usianze na mashine, anza na maji yako, maana hayo ndiyo yatakayoamua.

Otomatiki ina valvu ya kuingizia maji na valvu inataka msukumo. Soma kibandiko nyuma ya mashine, nyingi zimeandikwa kiwango cha chini ni MPa 0.03 au 0.05. Tafsiri yake ni simtanki lililo mita tatu hadi tano juu ya mashine. Wewe unakaa juu, tanki liko hapo hapo kwenye paa lako. Ukitoa na kimo cha mashine yenyewe unabaki na mita mbili na kitu. Mpangaji wa chini ana msukumo mzuri kuliko wewe uliye karibu na tanki! Sasa otomatiki itakaa inasubiri maji, utaijaza kwa ndoo, itafua, itamwaga, halafu itasubiri tena maji ya kusuuza. Wakati huo wewe umetoka zamu umelala fofofo.

Ya matanki mawili haina habari na msukumo. Unamimina ndoo, unazungusha kitufe cha muda, basi. Umeme ukikatika katikati unatoa nguo zako unamalizia kwa mkono. Na tanki la kukamua linakwenda kasi, nyingi ni mizunguko 1,300 hivi kwa dakika, wakati otomatiki ndogo za kufungulia juu nyingi ziko 700 au 800. Kipindi cha masika utaiona tofauti hiyo kwenye kamba.

Kero yake kubwa ni kutoa maji, na wauzaji hawalisemi hili. Nyingi za matanki mawili hazina pampu ya kutolea, maji yanateremka yenyewe. Kwa hiyo hozi lazima ilale chini kuliko kitako cha tanki toka mwanzo hadi mwisho. Ukiweka mashine jikoni halafu hozi ikapanda kizingiti cha bafu, maji yatabaki tumboni mwa mashine na nguo zako zitaogelea humo. Pima kizingiti leo kabla hujatoa hata mia.

La mwisho ni ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Mji wetu umekaa juu ya mawe, mnajua. Isamilo, Bugando, hata huko Nyegezi viwanja vingine, nondo ya ethi ikigonga jiwe wapo wanaoikata juu na kufukia kana kwamba imezama yote. Taa na tivii haziwezi kukuumbua. Mashine ya maji itakuumbua. Tafuta fundi aipime ethi kwa kifaa chake, si kwa kuwasha taa na kusema "ipo". Na kwenye bodi iwepo ile breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Ekstensheni nyembamba za kuchomekea simu zikae mbali na mashine.

Kijana wa Buzuruga:
Fundi naheshimu, ila mimi natumia otomatiki huku ghorofani na inapiga kazi. Nimefunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo kwenye bomba linaloshuka kutoka tanki. Naweka nguo naondoka, nikirudi zimekamuliwa. Hiyo ya matanki mawili unahamisha nguo mwenyewe, huku na kule, unasimama hapo. Ni nusu ya kufua kwa mkono.

Fundi wa Mkolani:
Kijana, pampu ni sawa kwa mwenye bomba lake. Yeye yuko kwenye bomba la wapangaji watatu na maji ya mara yapo mara hayapo. Pampu ikivuta hewa inakauka na kuungua. Na laki nne haitoshi mashine, pampu na fundi. Kuhusu kusimama hapo ni kweli, si ya mtu anayetaka kuondoka.

Nyasaka Kona:
Mimi nije kwenye LUKU, maana ndiyo inayovunja undugu kwenye nyumba za kupanga.

Matanki mawili haina hita. Mota ya kufua chukulia wati 400, ya kukamua iko chini ya hapo. Tuseme siku ya kufua mota zinafanya kazi saa nzima kamili, jambo ambalo ni vigumu kwa nguo za watu wawili. Hiyo ni unit 0.4. Kwa mita ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, unit pamoja na kodi inakuja kama shilingi 357, kwa hiyo ni kama 143 kwa kufua nguo zote. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imeshakula nusu unit. Huyo anayenuna ana jagi la umeme? Ana pasi? Basi mnafanana.

Kama mita ni ya D1, ile ya watumiaji wadogo, hapo hesabu inabadilika, kwa sababu unit 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi na ukivuka unalipa 350. Ila watu watatu mita moja, nina shaka kama mmewahi kubaki ndani ya 75.

Mama Wawili:
Nyasaka hesabu yako tamu, ila mtu aliyenuna hatulizwi na unit. Dada, nenda kwake na kauli kabla ya mashine kufika: "jirani, nitaongeza elfu moja kila mwezi kwa ajili ya mashine yangu." Umelipia kinachotumika na umefunga mdomo.

Ila usimwambie "ukiwa na nguo lete." Hapo ndipo nilipoona wenzangu wakigeuzwa dobi wa nyumba nzima. Anaanza na sare moja ya mtoto, Jumamosi inayofuata ni mapazia.

Bibi Kirumba:
Mwangaluka mayu. Mimi ninayo ya matanki mawili, wanangu waliniletea, naitumia kwa maji ya ndoo tu kwa sababu bomba langu liko uani.

Usifanye wanavyoandika kwenye kile kijitabu, kujaza tanki, kumwaga, kujaza tena, kumwaga. Pipa lako litakwisha kabla ya shuka la pili. Jaza maji ya sabuni mara moja. Fua nyeupe kwanza, zitoe, maji yaache. Tia za rangi nyepesi. Mwisho nyeusi, jinzi na nguo za mtoto za kuchezea. Ndipo umwage. Kila mkupuo ukitoka kwenye sabuni upeleke kwenye kukamua dakika moja kabla ya kusuuza, sabuni inatoka na yale maji, na kusuuza kwako kutataka maji machache. Mimi nasuuza kwenye beseni kubwa kisha narudisha kukamua. Maji ya suuza ya mwisho ni masafi, ndiyo ya kuoshea choo au kuanzia mkupuo mwingine.

Sabuni punguza mwanangu. Maji ya ziwa ni laini, povu linakuja haraka. Ukitia kipimo cha kufua kwa mkono utasuuza mpaka jioni. Wenye maji ya kisima wao watajua wenyewe.

Sare za hospitali zifue peke yake, usichanganye na nguo za mtoto. Yenye damu loweka kwanza maji ya baridi, ya moto yanaigandisha damu kwenye kitambaa.

Zamu ya Usiku:
Shikamoo bibi, hilo la kukamua kabla ya kusuuza sikuwahi kulisikia popote. Asanteni wote.

Fundi, nimepima. Kizingiti cha bafu ni sentimita 11. Nikiweka mashine sakafuni jikoni haitawezekana. Niiinue juu ya stuli?

Halafu kuna jamaa ananiletea otomatiki ndogo ya mtumba kutoka Japani, anasema laki mbili na nusu, safi kama mpya.

Kijana wa Buzuruga:
Ya Japani achana nayo! Umeme wa kule ni volti 100, wetu 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu tu. Utahitaji transfoma ya kushusha, na vitufe vyote ni maandishi yao.

Fundi wa Mkolani:
Stuli hapana. Tanki likibeba lita 40 ni kilo 40, bado nguo na mashine yenyewe, halafu kitu chote kinatikisika. Siku ikidondoka mtoto yuko pembeni. Ukitaka kuinua, jenga kijukwaa cha tofali na zege kilicho pana kuliko mashine, kiwe juu ya kizingiti kwa nchi mbili hivi, na chini ya miguu uweke mpira.

Njia nzuri zaidi kwako, kwa kuwa ukuta ni mmoja, ni tundu la hozi chini kabisa ya ukuta, usawa wa sakafu, litokee bafuni. Mashine inabaki sakafuni na maji yanateremka yenyewe. Ila muombe mwenye nyumba kwanza, na fundi ahakikishe hakuna bomba wala waya hapo. Hozi ifungwe kwa kamba ya chuma pande zote mbili. Ikichomoka, wewe ni ghorofani, maji ya sabuni yatamshukia mpangaji wa chini kitandani.

Nyasaka Kona:
Na uangalie tundu la bafuni linameza kwa kasi gani. Mwaga ndoo nzima mara moja. Yakituama, usifungulie mashine yote kwa pamoja, utaogelea mwenyewe.

Zamu ya Usiku:
Nimerudi. Baba mwenye nyumba amekubali tundu, kwa sharti kwamba siku nikihama nilizibe na kupaka rangi. Ndoo nimemwaga, inameza vizuri. Jirani nimempa ile kauli ya elfu moja, amecheka, kumbe alikuwa anaogopa jinsi nitakavyomaliza maji ya simtanki na si umeme. Nimemweleza mbinu ya bibi na kwamba ninajaza pipa usiku.

Fundi wa umeme aliyepima ethi amesema haifai, nondo nyingine inazikwa upande wa bustani kwenye udongo. Gharama tumegawana na mwenye nyumba.

Naenda kuchukua matanki mawili. Kilo 5 au 7?

Fundi wa Mkolani:
Saba, kama jikoni inaingia. Namba kubwa kwenye boksi ni ya tanki la kufua, na ni uzito wa nguo kavu. Tanki la kukamua huwa linabeba pungufu, kwa hiyo ya kilo 5 utakamua shuka moja moja.

Dukani waambie waichomeke. Fungua kifuniko cha kukamua ikiwa inazunguka, ndani ya sekunde chache inatakiwa iwe imesimama. Isiposimama iache hapo hapo, una mtoto. Na igeuze uone chini: nyingi ziko wazi, panya wanaingia wanatafuna waya. Kama haina kizuizi, nunua kipande cha wavu wa chuma Makoroboi, ufunge kabla hujaisukuma ukutani.