Paka anayezurura: nimhasi, nimfungie ndani au nimvishe kola ya GPS?

Chuma_Tanga: Wakuu habari za jumapili. Paka wangu anatoka magharibi anarudi alfajiri, kuna siku halali nyumbani kabisa, na masikio yamechanika. Mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu: kumhasi, kuweka wavu madirishani au kununua kola ya GPS. Nishaurini.

MamaNasra: Dume au jike? Umri? Ghorofani au nyumba ya uani? Hujasema kitu mkuu.

Bakari_K: Masikio hayo ni dume huyo, anagombania majike. Hasi. Ila usitegemee atulie kesho yake, homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha mwilini na kipindi hicho bado anatia mimba.

zuhura_: Mimi nawaombeni mfikirie sumu ya panya. Jirani aliweka darini bila kuambia mtu, paka wetu akala panya aliyekula ile sumu, akarudi anayumba, fizi nyeupe pee, damu inamtoka puani, jumamosi jioni tunahangaika kutafuta vet, hadi inapatikana sindano ya vitamini K keshakufa. Watoto walilia mpaka wakaumwa. Sasa hivi paka wangu hatoki usiku wala mchana. Na wavu uwe wa chuma, wa mbu anauchana.

Chuma_Tanga: Poleni sana. Ni dume, ana mwaka na kitu. Nyumba ya uani, wapangaji wengi, choo nje, mlango haufungwi.

MamaNasra: Basi wavu sahau.

Mzee_wa_Pangani: Kuhasi mnakusema kirahisi jamani, ni kiumbe wa Mungu. Halafu akihasiwa panya hakamati tena.

Bakari_K: Anakamata vizuri tu mzee wangu, kinachopungua ni kuzurura, kupigana na kukojolea kuta. Hayo mapigano ndo yanaambukizana ukimwi wa paka kwa kung'atana (binadamu haupati).

dogo_fundi: Kola ya GPS ya kweli inataka laini na bando kila mwezi. AirTag (kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu) haina GPS, inategemea iPhone zipite karibu, uswahilini itakaa kimya. Na kola iwe ya kufyatuka yenyewe asije akanyongwa na tawi.

MamaNasra: Wa kwetu analishwa nyumba tatu, muuza samaki anamwita Sultani, sisi tunamwita Mimi 😂

zuhura_: Chanjo ya kichaa cha mbwa keshapata lakini? Anayezurura ndo wa kwanza kuchanjwa.

Chuma_Tanga: Bado. Kuna anayemjua daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, huku Chumbageni?