Mlioacha sigara: daktari au nesi alikusaidiaje hasa? Tupeane uzoefu

Fundi Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Navuta tangu nikiwa saidia fundi gereji. Kila nikienda kupima presha naambiwa "acha sigara", na anayesema hata macho hayainui kwenye faili. Nikiuliza naachaje: "Ni kuamua tu." Sasa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku. Mwongozo huo unataka kila mhudumu ampe mvutaji ushauri mfupi, sekunde 30 hadi dakika 3, iwe kazi ya kila siku. Natafuta waliowahi kupewa hizo dakika. Ushuhuda wa maombi nauheshimu, ila leo nataka kujua mhudumu alisema nini na akafanya nini.

Baharia Mstaafu:
Mimi wa Mombasa. Daktari alinionyesha picha ya pafu jeusi, akanisomea magonjwa yote, akafunga faili. Nilitoka mkono watetemeka, nikanunua mbili kwa mama wa nje ya geti. Nikavuta zote palepale.

Kifua Safi:
Pole baharia, umenichekesha lakini.

Mimi nililetwa na kifua kikuu. Dozi ni miezi sita, kwa hiyo nesi wa kliniki ya TB tulionana mpaka tukazoeana. Swali lake la kwanza: "Kaka, ukiamka, ya kwanza unavuta baada ya muda gani?" Nikamwambia kabla sijanawa uso. Akasema, "Basi nikotini imekukamata. Usijiite mzembe, tupange siku." Akakataa tarehe ya mbali, akataka iwe ndani ya wiki mbili. Akaniambia niwaambie nyumbani, nitoe viberiti na kisahani cha majivu, na kahawa ya kijiweni niipumzishe kwanza, maana kwangu kahawa na fegi vilikuwa kitu kimoja. Arosto alinieleza mapema: wiki ya kwanza ndiyo kali, usingizi unakata, hasira zinakuwa karibu, na kila hamu ikija inapita baada ya dakika chache ukitafuta la kufanya.

Nikateleza msibani. Nilipomwambia, hakugomba. Aliuliza, "Nani alikupa, na saa ngapi?" Kumbe ni usiku, tukiwa tumekaa nje na wazee. Tukapanga msiba ujao nikae upande wa wanaopika. Kila nikifuata dawa, kabla ya kufungua kopo, anaanza na sigara. Hayo maswali ya kila safari ndiyo yaliyoniachisha, nasema wazi.

Mama Chumbageni:
Mie sivuti, mvutaji ni baba watoto. Kliniki ya mimba nesi aliuliza kama kuna anayevuta nyumbani, akasema mwenzangu aje. Alikuja kanuna. Nesi akamwambia moshi wa ndani unamfikia mtoto tumboni, na kufungua dirisha hakutoshi. Akaanza kwa kuvutia nje, baadaye akaacha kabisa. Dada yule alimwita "baba" muda wote, nadhani ndiyo maana alisikiliza.

Tabibu wa Kata:
Niseme kwa upande wetu. Foleni mnaiona. Halafu ukimuuliza mtu "unavuta?" anajibu hapana, na shati linanuka. Siku hizi nauliza, "Sigara ya mwisho ulivuta lini?" Wengi wanasema ukweli. Naandika juu ya kadi kwa wino mwekundu, ili atakayemwona siku nyingine aendeleze. Wa ugoro na kuberi, tumbaku zisizovutwa kwa moto, nao nawauliza, maana hujihesabu si watumiaji.

Fundi Ngamiani:
Tabibu, foleni naielewa. Ila "ni kuamua tu" nayo inakula muda uleule. Na dawa je? Au ni za Ulaya tu?

Duka la Dawa:
Zipo, ila si kila duka, na bei inauma. Nikotini ya kubandika na ya kutafuna imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009. Vidonge vya kusaidia kuacha, bupropioni na varenikilini, viliongezwa 2021. Kwenye ile ya kutafuna wengi wanakosea, wanaila kama bigijii za kawaida, kwikwi zinawashika, wanasema haifai. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali kama pilipili, kisha ibane kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha, tafuna tena, hamisha upande. Dakika kama 15 kabla, usinywe kahawa wala soda, nikotini haitaingia vizuri. Anayeuza bila kueleza hayo kamuuzia mtu hasara.

Baharia Mstaafu:
Hiyo ya shavuni sikuelezwa na mtu. Nilizitema zote.

Fundi Ngamiani:
Kliniki yangu ya presha ni Alhamisi. Nitaomba tarehe, na niulize nani atanipigia wiki inayofuata.

Duka la Dawa:
Mtajie na dawa zote unazotumia. Kama uliwahi kuwa na kifafa, sema kabla hajakuandikia bupropioni.