Naomba ushauri: vifaranga wa samaki klauni hawavuki siku ya nne
Wakuu habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, nafuga samaki klauni, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kwenye tangi la kioo sebuleni. Maji nachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu ya matangi (si ya mezani, msinicheke, bahari iko mbali na huku).

Jike ametaga mara ya tatu sasa, kwenye kigae. Mayai yanaanza na rangi ya chungwa, baadaye unaona vimacho vinang'aa kama fedha, na usiku wa siku ya nane hivi, taa zikizimwa, yanaanguliwa. Raha tupu! Shida inaanza kesho yake. Vifaranga wembamba kama kope wanaelea tu, na siku ya nne sina hata mmoja.

Nawalisha rotifa, vijidudu vidogo sana vya majini, ninaowazalisha kwenye ndoo. Ila Juni hii umeme ukikatika usiku, hita inazima na maji yanashuka kutoka nyuzi 27 hadi 21. Mimi nalaumu baridi, mke wangu anasema ni njaa.

Mliowahi kuwavusha hadi mistari ikatoka: artemia (vile vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) mlianza kuwapa siku ya ngapi? Na baridi mnaizuiaje bila jenereta, blanketi linatosha?