Kumpeleka mzee makumbusho ya kantri Nashville

Kutoka: Cherono, Louisville

Hamjambo nyote. Baba yuko kwangu tangu mwezi jana, ametoka Kericho. Goti moja linamsumbua. Nimemzungusha maduka na kanisa, amechoka. Anachouliza ni kimoja tu, Nashville ni mbali? Ni mmoja wa wale wazee wa redio ya Jumapili, nyimbo za kantri za Jim Reeves hadi betri ziishe. Makumbusho ya muziki wa kantri kule yanamfaa mtu wa goti? Ama nitakuwa nimepoteza pesa?

Kutoka: Mama Neema, Nashville

Cherono mdogo wangu, mpe mzee shikamoo yangu. Ni kama saa tatu kwa gari, barabara kuu ya I-65 moja kwa moja. Ila saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa moja, na tiketi zina muda wa kuingia. Msipoangalia mtafika mapema na kuishia kuzurura mtaa wa Broadway, baa zinapiga muziki tangu asubuhi na mzee hana pa kukaa.

Nunua mtandaoni ile tiketi yenye Studio B, studio ya zamani ya kurekodi muziki. Hapo usibane pesa. Studio iko Music Row, mtaa wa kampuni za muziki, huwezi kwenda mwenyewe ukabisha hodi. Basi la makumbusho ndilo linalowapeleka, na nafasi hujaa haraka. Jim Reeves alirekodi humo. Elvis naye, nyimbo zaidi ya 200. Ni chumba cha kawaida tu, kilijengwa 1957, piano ya Steinway bado ipo. Mara ya mwisho nilikuta watu wazima wamenyamaza kama wako msibani.

Kuhusu goti: lifti zipo. Mnaanzia juu, mnashuka polepole. Mwacheni mzee ayatazame kwa muda magari ya wanamuziki. Kuna Cadillac ya Elvis ya 1960, nyuma ina televisheni, na kuna Pontiac ya mwimbaji Webb Pierce ya 1962: bastola mahali pa vishikio vya milango, dola za fedha zimepachikwa ndani, katikati ya viti tandiko la farasi! Mume wangu anasema ni ushamba wa tajiri. Mimi naipenda.

Wanangu huingia bure kwa kuwa tunaishi kaunti ya Davidson, hii ya Nashville. Nyie wa Kentucky mtalipa.

Kutoka: Baba Amani, Bowling Green

Dada Cherono, pumzikeni kwetu, ni njiani. Maegesho ya katikati ya mji yanaweza kuzidi bei ya tiketi, kwa hiyo epukeni siku za mechi ya Titans, timu ya futiboli ya Kimarekani, na mwezi wa 6 kwenye tamasha la kantri la CMA msithubutu.

Mkifika ukumbi wa mviringo wenye vibao vya shaba vya wanamuziki waliotunukiwa heshima, mtafuteni DeFord Bailey. Mtu mweusi, mpiga harmonika, alikuwa nyota wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri, tangu miaka ya 1920, akiigiza mlio wa treni kwa pumzi tu. Wakamwondoa 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu hapo hapo Nashville. Alifariki 1982, kibao kikaja 2005. Wageni wengi humpita wakimkimbilia Dolly Parton. Nguvu zikibaki, Makumbusho ya Taifa ya Muziki wa Wamarekani Weusi yako karibu, yalifunguliwa 2021.

Kutoka: Cherono

Asanteni sana. Nimemsomea mzee barua zenu. Sasa anauliza kama Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa kantri wa zamani, yumo kwenye vibao. Kwetu Wakipsigis walizisikia santuri zake zamani wakamwita Chemirocha, wakimwimba kama nusu mtu nusu swala. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wakimwimba mwaka 1950. Mzee anaujua wimbo wenyewe, ameuimba hapa jikoni huku watoto wakimrekodi kwa simu.

Tunafikiria Jumanne. Na chakula je? Hizo baga hazimpandi.

Kutoka: Mama Neema

Yumo, ni katika wale watatu wa kwanza kutunukiwa, 1961. Jim Reeves ni 1967, miaka mitatu baada ya ndege yake kuanguka karibu na hapa. Jumanne ni nzuri, watu wachache. Kateni tiketi ya asubuhi na Studio B mchana, katikati mzee apumzike. Baga achana nazo, jioni pitieni kwangu, ugali na sukuma wiki vitakuwepo. Nitumie ujumbe mkitoka Bowling Green.